Tukishuka Stendi, Mkono Gani?

...wa kulia au wa kushoto, mama mkwe anauliza kama mtu anayeuliza saa, miwani imemshuka puani, sindano mkononi, anakaza kifungo cha gauni lake la safari, na mkwe wake, dobi, ambaye mtaa mzima unamwita Baba Mjini, amesimama mezani na pasi juu ya kola ya shati la mwalimu mkuu, miaka kumi na minne anaitwa Baba Mjini na hajui ukishuka stendi ya huko mjini unashika mkono gani, atajuaje wakati siku aliyoshuka yeye ilikuwa alfajiri, alikuja mtu wa kampuni iliyowaajiri akawapandisha nyuma ya gari la mizigo, yeye na wenzake saba, turubai likavutwa juu, basi muulizeni lile turubai lilikuwa na matundu mangapi atawaambia, matatu, moja kubwa kama ngumi, lakini mkono wa stendi aulizwe mwingine... "Subiri kidogo, Mama, pasi imeshika moto," anasema, na pasi wala haijashika moto, aliyeshika moto ni yeye, kwa sababu leo ni Alhamisi na safari ni Jumamosi, tiketi tano ziko juu ya kabati, yake, ya mkewe, ya mama mkwe, ya binti mkubwa na ya kitinda mimba, na hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyewahi kuuona mji, wote wanamtegemea yeye, mwenyeji. Mwenyeji! Binti mkubwa amekaa sakafuni na daftari la shule, ameandika RATIBA juu ya ukurasa na kupiga mistari miwili kwa rula, siku ya kwanza lifti ya Baba, siku ya pili mahali Baba alipopigia picha, na yule mdogo anamrukia dada yake mgongoni, "na mimi nitabonyeza lifti, Baba alisema ni yake, si ndiyo Baba, si ulisema ni yako?" na ndiyo, alisema, wala hakudanganya, ilikuwa lifti yake, wageni wa hoteli wasingeipanda hata kwa kulipwa, lifti ya mashuka machafu, chuma kitupu na harufu ya jana, yeye na toroli lake juu na chini siku nzima, sasa uongo uko wapi hapo, waseme, alisema alilala juu ya mashuka ya hoteli meupe mazito ambayo hajapata kuyaona tena, na alilala, juu ya lundo lake, dakika ishirini za mapumziko ya zamu, alisema ana mlango wake wa kuingilia na mlinzi wa kumfungulia, na alikuwa nao, mlango wa nyuma, na mlinzi akamfungulia kila siku na jioni akampapasa mifuko, alisema wakubwa hawalali bila yeye, na wangelala wapi, juu ya godoro tupu? Yeye hakutia hata chumvi, aliwapa chakula nusu sahani tu, wao wenyewe wakajaza iliyobaki, nani alimuuliza ilikuwa ghorofa ya ngapi, hakuna, wangeuliza angewaambia... asingewaambia. Haya, asingewaambia.

Na ile picha. Ile picha haina nusu sahani, ile ni uongo wa kutwa nzima, na ipo pale ukutani juu ya kichwa cha mama mkwe, yeye na koti la rangi ya majivu mbele ya kioo kirefu, mkono mfukoni, kidevu juu, koti la mgeni wa chumba namba mia nne kumi na mbili lililoletwa kusafishwa na kukaa mwilini mwake dakika tano, na kioo ni cha chumba cha kubadilishia sare, chini huko, ukitazama vizuri pembeni utaona bomba la mvuke, yeye kila mara amesema ni nguzo. Wanasema dobi hakosi kuvaa vya watu, sawa, lakini dobi gani aliyevaa cha mtu akaenda nacho kuposa? Maana picha ndiyo iliyotangulia, shangazi yake aliipeleka ndani ya bahasha, na mama mkwe, wakati huo bado hajawa mama mkwe, aliitazama akasema kijana ni wa mjini huyu, anaonekana, kisha akaisogeza karibu na jicho, "mbona mikono ya koti imeishia njiani?" na siku walipokutana akamuuliza yeye mwenyewe, naye akajibu bila kupepesa, "Ndiyo mtindo, Mama," na mwaka mzima ule wanaume watatu wa mtaa wakapunguza mikono ya makoti yao, aliwaona kwa macho yake, angecheka nini na angelia nini. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, mbona yake imefika miaka kumi na minne, na ingeendelea kama mkewe asingekata tiketi kimyakimya na kuja nazo usoni anacheka, "Baba Mjini, safari hii watoto wataona wenyewe," mwanamke yule, na anachekea nini? Yeye anaweza kuugua. Kesho tu, asubuhi, tumbo, mtu mzima akishika tumbo nani ataweka sikio asikilize kama ni kweli, waende wenyewe, au wasiende, au waende wapotee halafu wajue kwamba mji si mchezo... Mungu wangu, anawaombea wanawe wapotee ili koti lisalimike. "Baba Mjini," anasema mkewe kutoka kitandani anakopanga nguo za watoto kwenye begi, "Mama anakuuliza," na yeye anasema amesikia, pasi inakwenda, pasi inarudi, kola ya mwalimu mkuu sasa imenyooka kiasi cha kukata mkate, "aa, Mama, mwache," mkewe anaendelea, taratibu, bila kuinua kichwa, "atajuaje, stendi yenyewe siku hizi imehamishwa." Imehamishwa. Nani kamwambia imehamishwa? Hakuna stendi iliyohamishwa, tiketi zimeandikwa jina lilelile la siku zote, mkewe anajua, amezisoma mwenyewe kwa sauti jana, na sasa anakunja blauzi ya mtoto na uso mkavu, na pasi inasimama mkononi mwa mumewe kwa sababu ameelewa. Anajua. Tangu lini? Tangu wiki ya kwanza ya ndoa pengine, alipomwona anakunja shuka peke yake, pembe kwa pembe, kidevu kikishika katikati, sekunde nane, hakuna mwanamume anayekunja shuka hivyo isipokuwa amekunja elfu, na hakuuliza, miaka yote anamfunika hivihivi, leo kwa stendi, jana kwa nini, juzi kwa nini, na yeye akijiona mjanja! Aibu inampanda hadi masikioni, kisha inapita, na kinachokuja nyuma yake si aibu tena, ni hasira, na raha kidogo ndani ya hasira, maana hebu ngoja, anaona haya ya nini hasa? Aliiba? Alikwenda akakaa miaka miwili mahali pasipo na dirisha, akafua, mikono ikababuka hadi akashindwa kushika kijiko, na kule juu watu wakajitupa kitandani wakasema aah. Nani mjini alimpita kwa kuujua mji? Wao waliuona umechana nywele, yeye aliletewa chini kila asubuhi kwa toroli, akajua nani alilia usiku, nani alimwaga divai akageuza godoro, bwana harusi gani alilala sofani, na hakumwambia mtu, siri za mji mzima zimelala kifuani mwake na bado mtu amuulize yeye stendi?

"Baba, kulia au kushoto, nataka kuandika," anasema binti, penseli juu, na neno liko mdomoni, rahisi, tamu, ameshapewa na mkewe bure, ndiyo imehamishwa, aseme tu waendelee... lakini hapohapo anauona ule ukuta. Rangi ya maziwa, ghorofa ya nne, siku lifti yake ilipoharibika akapandisha mashuka kwa ngazi, na sheria ilikuwa moja, ukikutana na mgeni kwenye korido geuka utazame ukuta mpaka apite, naye akageuka, na nyuma yake akasikia viatu vya mama na viatu vidogo vya mtoto, vile vidogo vikasimama, sauti ya kitoto ikasema, "Shikamoo," akiwa anasalimia mgongo, mtoto wa watu, adabu zake, na kabla hajajua afanye nini mama akamvuta, "unamwamkia nani, twende, hamna mtu hapo." Hamna mtu. Na yeye hakuitikia! Hilo ndilo linalomla, si maneno ya yule mama, wenye midomo watasema, ni kwamba mtoto alimpa shikamoo na yeye akaiacha ikaning'inia, marahaba ikafika kwenye meno akaimeza akiwa ametazama rangi ya maziwa, mtu mzima wa miaka ishirini na sita. Kisha akarudi nyumbani, akaoa, akazaa, na wanawe walipomuuliza Baba ulikuwa unafanya nini mjini, akawaonyesha koti. Hamna mtu hapo, twende. Amewaambia wanawe mwenyewe, kwa miaka yote, kwa mdomo wake mwenyewe, na yule mama alisema mara moja tu. La. La hasha. Alikuwepo mtu, alikuwepo, alikuwa na jina kwenye mfuko wa sare na alijua kuimba na alikuwa na njaa, na kama kuna mtu wa kumfuta si yeye, wafute wengine, yeye hapana, na mtaa ucheke, wacheke mpaka wachoke, wale watatu wa makoti waje wadai mikono yao, na mama mkwe kama atataka bintiye arudi nyumbani, haya, bintiye huyu hapa, ameshajibu mwenyewe tangu wiki ya kwanza ya ndoa, maji haya aliyavulia nguo zamani, kilichobaki ni kuoga, na watoto... watoto watauliza yao. Mdogo ataulizia lifti. Atampandisha, chuma kitupu na harufu ya jana, na abonyeze mpaka kidole kimchoke, hiyo ndiyo lifti ya baba yake, na akimkuta mtu kule chini amejitwika mashuka atamwambia mwamkie, mwanangu, msubiri mpaka akuitikie.

"Baba?"

"Stendi tutauliza," anasema dobi, na sauti inatoka kubwa kuliko alivyokusudia, mwanawe mdogo anateleza kutoka mgongoni mwa dada yake. "Mimi siijui. Nilipita hapo mara mbili, mara zote chini ya turubai." Sindano ya mama mkwe imesimama hewani, mkewe ameshika blauzi haikunji wala haiachi, na pasi bado iko palepale kwenye shati lilelile, vifungo saba, mikono miwili, mgongo mzima haujaguswa. "Andika siku ya kwanza. Andika mahali Baba alipofanya kazi ya kufua."

Binti anamtazama yeye, anaitazama picha, anamtazama tena, penseli imegusa karatasi. "Ghorofa ya ngapi, Baba? Ya juu kabisa?"

"Ya chini kabisa," anasema. "Weka hiyo penseli, chukua kalamu ya wino."