Mkono Mmoja, wa Kulia

Jumanne saa tatu asubuhi, Mama Dekio alikuwa anapiga deki chini ya inkubeta ya tatu katika wodi ya watoto wachanga mahututi, huku akimsimulia muuguzi habari ya jirani yake ambaye harusi yake ilivunjika kwa sababu ya godoro. Ndipo daktari alipomwambia aache kazi aje amshike mtoto miguu.

"Osha mpaka kwenye kiwiko, uvae glavu," daktari alisema. "Habari ya godoro utaimalizia hapa hapa."

Mtoto alikuwa wa siku mbili na kilo moja. Mishipa ya mikono yake, myembamba kama uzi, ilikuwa imekwisha kuchomwa yote, na sindano hazikai tena. Ilibaki njia ya kitovu. Daktari alifunga uzi kwenye shina la kitovu, akakikata, akautafuta ule mshipa mpana ulio peke yake, akaanza kuingiza mrija laini, sentimita baada ya sentimita. Mrija huo hupitia kwenye ini na kuishia mlangoni mwa moyo. Ukiishia ndani ya ini, dawa huliunguza. Ukizidi, huingia moyoni, na moyo ukaanza kurukaruka. Kwa hiyo kila mrija unatakiwa upigwe picha kabla ya kutiwa dawa.

Mashine ya picha ilikaa chumba cha mwisho wa korido. Mlangoni palikuwa na karatasi: "Mbovu. Fundi ameshaarifiwa." Karatasi hiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza iligeuka njano ikachanika, wakaandika nyingine. Tangu ile ya kwanza, daktari alikuwa anakisia. Alikuwa hodari wa kukisia. Alikosea mara nne tu, na wale wanne hakuhitaji daftari ili awakumbuke.

Mama Dekio alishika miguu kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia akauweka kifuani ili mtoto atulie. Kifua kikawaka, wekundu kama wa tochi iliyofumbwa kiganjani. Glavu haikuzuia kitu. Zikaonekana mbavu, nyembamba kama meno ya kitana, kisha moyo ukienda mbio, kisha ini, na ndani ya ini mrija ukiwa umejikunja.

Daktari aliinama. "Sogeza kidole gumba, mama. Unanizibia."

Alikisogeza. Daktari aliuvuta mrija nyuma, akauzungusha kidogo, akausukuma tena. Wote watatu waliutazama ukilipita ini na kusimama pale pale unapotakiwa. Muuguzi akakata plasta.

"Umeanza lini huo mkono?" muuguzi aliuliza.

"Jumapili. Nilimshika paka wa huyu huyu jirani wa godoro, nikakiona kifaranga changu tumboni. Tumegombana mpaka jana."

"Na kifaranga?"

"Ndiyo hivyo tena."

Katika wiki tatu zilizofuata, mkono uliitwa kwa watoto kumi na mmoja. Kina mama waliokaa kwenye benchi la nje walimtengea nafasi Mama Dekio kila alipotoka, naye hakuwanyima maneno. "Mrija umekaa pazuri," alimwambia mmoja. "Na mwanao ana moyo mkubwa, sijui kautoa wapi, maana baba yake nimemwona." Mama yule alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Sasa, Mama Dekio alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa mbali, safari ya saa kumi kwa basi. Binti alikuwa na mimba ya kwanza, na mkunga alishamwambia mtoto anaweza kuwahi sana. Mama alimwahidi kwamba atakuwepo. Akaomba likizo ya wiki mbili.

Jibu lililetwa na fundi wa vifaa, ambaye wodi nzima ilimwita Ameshaarifiwa. Alikuja na bisibisi mfukoni na karatasi za kubandika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kuitengeneza?"

"Hapana. Lile ombi la mashine limefutwa ofisini. Wameandika tatizo limetatuliwa."

"Na likizo yangu?"

"Ndiyo hiyo nimeileta. Jina lako halipo tena kwenye orodha ya wafanyakazi. Umehamishiwa kwenye vifaa." Akamwonyesha mstari. "Na vifaa haviendi likizo."

Mama Dekio aliusoma mstari mara mbili. Ulisema: mkono, wa kulia, mmoja. Hali: nzuri.

"Hata hawakuniandika mimi niliye nyuma yake."

"Nafasi ilikuwa ndogo, mama."

Akaunyoosha mkono. Fundi akambandika namba juu kidogo ya kifundo, akaikandamiza kwa gumba ishike. Ilikuwa namba ile ile ya mashine.

"Na nikiharibika?"

"Nitaarifiwa."

Daktari alikuwa anasikia yote. Alisema bila kuinua uso, "Panda basi, mama. Mimi nitakisia."

Kwa maneno hayo Mama Dekio hakupanda.

Adhuhuri alikaa kwenye ngazi za nyuma, akampigia binti yake.

"Mama, umeshakata tiketi?"

"Bado. Hebu niambie, hiyo hospitali ya huko, mashine yao ya picha inafanya kazi?"

"Nilikwenda jana kupima. Kuna karatasi mlangoni."

"Ya rangi gani?"

Binti alifikiri kidogo. "Njano."

Mama Dekio aliitazama ile namba mkononi mwake. Kisha akasema, "Waulize kama kuna mtu mwenye mkono."

"Mkono gani, mama?"

"Wewe uliza tu, mwanangu. Anza na wafagiaji."

Muuguzi alichungulia mlangoni. "Mama, mkono unahitajika."

Akaagana na binti yake. Akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akaosha mpaka kwenye kiwiko, taratibu, akiizunguka ile namba isilowe.