Pengo la Jibini

Jibini lilikaa katikati ya ubao, zima, na ganda lake la manjano lilikunywa mwanga uliopanda kutoka ziwani. Eugénie alilizungushia ndizi ndogo tamu, marakuja zilizokunjamana ngozi, na matunda mekundu ya ibinyomoro aliyoyapasua ili mbegu zionekane. Ubao wenyewe ulikuwa rafu ya kabati la mama yake, kitu pekee cha nyumbani kilichovuka daraja pamoja nao waliporudi Rwanda. Kutoka mlimani pale Mururu, mji wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ulijitokeza na kupotea katika ukungu, kama mji unaoota kuwa upo.

Mumewe, Védaste, alisimama mlangoni, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Likate, Maman Tumukunde. Onja kipande, mugeni akute pengo."

"Véronique si mugeni."

"Basi hatakula. Unasahau batu ya ng'ambo banasema nini? Kula kwa Munyarwanda leo, kesho banakuzika."

Desturi ilikuwa upande wake. Mwenyeji huonja kwanza, mgeni ajue kwamba hamna sumu. Ni adabu; lakini adabu nyingine ni hofu iliyofuliwa na kupigwa pasi. Eugénie na Véronique walikulia sahani moja huko Bukavu, na hakuna aliyewahi kumwonjea mwenzake. Tangu vita vya kwanza vya Kongo hawakuwa wameonana. Akionja, atakuwa amekiri kwamba kuna la kushuku. Asipoonja, huenda rafiki yake akaondoka bila kugusa kitu, na asirudi tena. Aliyapima mawili hayo, hakuona lililo jepesi. Akakilaza kisu kando.

Véronique aliingia na umande kwenye kitenge chake.

"Eugénie! Ulizeeka!"

"Na weye ulinona. Vita ilikulisha nini?"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Kisha macho ya mgeni yakatua mezani, na kicheko kikaisha taratibu, kama maji yanayozama mchangani.

"Iko muzuri. Sawa picha ya kalenda."

Mikono yake ilikuwa chini ya kitenge. Haikutoka mara moja. Ilipotoka, ilikuwa imeshika kifurushi cha jani la mgomba. Ndani mlikuwa na jibini dogo, na ubavuni mwake pengo.

"Nilikuletea. Nilionja kule ku daraja. Nilisema, Eugénie ataogopa."

"Miye? Nikuogope weye?"

"Banatuambiaka mambo mingi, dada. Na weye banakuambiaka."

Ilikuwa kweli. Wanawake wa sokoni walimwambia asile kitu cha Bukavu, naye aliwacheka. Lakini sasa aliuona mkono wake mwenyewe: ulikuwa umesimama hewani, karibu na kifurushi, bila kukipokea. Asubuhi nzima aliipima hofu ya mwenzake. Ya kwake hakuwa ameiweka kwenye mizani.

Akalipokea. Akaliweka juu ya ubao, kando ya lile zima, akasogeza marakuja kulipa nafasi. Kisha akakata la kwake, akampa Véronique kipande, mwenyewe akajikatia kimoja penye pengo la lile la mgeni.

Wakakaa hivyo, kila mmoja na kipande mkononi, wakitazamana.

"Sasa," Véronique alisema, "tutabaki hivi hadi mpaka ufungwe?"

Védaste alikuwa ametoka, amesimama nje ya dirisha. Alisikia kutafuna, polepole, lakini hakuweza kutambua ni nani aliyeanza.