Sindano Nne, Beseni Moja

Haraka! Nani asiyejua hasara zake? Fundi wa nozeli alizijua tangu siku zake za kujifunza kazi, na bado asubuhi ile yeye mwenyewe, mama wa watu, alifungua nozeli zote nne zinazopuliza dizeli kwenye injini ya gari la wagonjwa, akaziosha kwenye beseni moja. Kila nozeli ina sindano yake ndani, imesuguliwa pamoja na ala yake, na hazibadilishani ng'o. Sasa sindano nne zimelala ndani ya beseni, kwa macho zote ni pacha.

Akabahatisha. Akafunga nozeli ya kwanza kwenye mashine ya kupimia, akakandamiza mkono wa pampu. Badala ya kupuliza ukungu, ikadondosha dizeli kama pua ya mtoto mwenye mafua.

"Fundi, vipi?" dereva aliuliza mlangoni. "Kuna mama mjamzito ananisubiri, hali yake si nzuri."

"Nipe nusu saa," alijibu.

Wa kumwokoa alikuwa mmoja tu: mjomba wake, aliyemfundisha kazi. Injini zilikuwa zimemla masikio mzee wa watu, akaacha karakana, siku hizi anashinda uani akihesabu kuku wa jirani. Fundi akamkimbilia, akamvuta mkono. Mzee hakuhitaji kuambiwa kitu. Aliliona beseni, akacheka mpaka akakohoa.

Akachovya sindano moja kwenye dizeli safi, akaitia kwenye ala, akaiinua kidogo, akaiachia. Ikatumbukia pu! "Si kwao hapa." Akajaribu ala nyingine. Ikateremka yenyewe, taratibu, mpaka chini. "Haya, imefika nyumbani."

Zote nne zikapata kwao. Kwenye mashine, mzee akaweka kiganja juu ya mkono wa pampu, asikie kwa ngozi mtetemo asioweza kuusikia kwa masikio. Moja ilifunguka mapema; akaongeza washa, kipete chembamba cha chuma, juu ya springi yake kuikaza. Ukungu ukatoka laini, ncha ikabaki kavu.

Gari likawaka bila moshi, likaondoka mbio. Alasiri dereva akapiga simu: mama salama, mtoto salama.

Fundi akamshika mjomba mikono yote miwili, machozi yanamtiririka. "Ahsante, mjomba. Mungu akuweke."

Mzee akayasoma maneno midomoni mwake. "Ahsante wewe," alisema kwa sauti kubwa ya kiziwi. "Mwaka mzima hakuna aliyenihitaji."

Akalikung'uta beseni, akamkabidhi.

"Na kesho, osha zote humu humu."