Kucha za Waongozaji

Wifi yake ndiye aliyekuwa mkuu wa waongozaji wa wageni kwenye njia ya mlimani, na tangu kaka wa wifi huyo amwoe, wifi hakuwahi kumtazama bila kukunja uso. Sasa walikuwa dukani, mbele ya rafu ya buti. Kesho huyu mke wa kaka angepanda mlima kwa majaribio. Akishuka vizuri na wageni, kazi ya uongozaji ni yake. Akichechemea, basi.

"Chukua hizi." Wifi alimtupia jozi miguuni. "Hazipitishi maji, soli inang'ata ardhi. Unataka nini tena, zulia?"

Alivaa soksi nene alizokuja nazo, akafunga kamba, akapanda kibao cha mteremko kilichowekwa pale kwa kujaribia viatu. Kupanda, raha. Kushuka, vidole vikajigonga mbele kama watu waliofungiwa mlango.

"Zinabana, wifi."

"Zitalegea."

"Si kufikia kesho."

Muuzaji alicheka chini kwa chini. Wifi akavua kiatu chake palepale, akainua mguu. Kidole gumba hakikuwa na kucha.

"Unaona? Kila mwongozaji wangu ameacha kucha kule juu. Asiyeacha kucha si mwenzetu. Au wewe miguu yako ni mayai?"

"Mimi ndiye niliyeomba kazi, wifi. Kucha zangu hazikuomba."

Hata yeye alishtuka kujisikia. Masikio yake yaliwaka moto. Kabla ujasiri haujamtoroka, alimwomba muuzaji jozi iliyozidi kwa namba moja, na beseni la maji. Alizivaa, akashuka kibao: vidole vilikuwa na nafasi, kisigino hakikuchomoka. Akasimama ndani ya beseni, akahamisha uzito huku na huku, wifi akimtazama kama anayemtazama mwizi. Alipovua, soksi zilikuwa kavu. Akazivaa tena buti, akafunga kamba.

"Nachukua hizi."

"Zichukue. Ila usimwambie mtu nilikuchagulia mimi. Na kesho utakaa nyuma kabisa, sufuria zote mgongoni mwako."

"Nitabeba."

"Na kaka yangu nitamwambia ameoa mjuaji."

"Anajua," alijibu, akainama kufunga kamba ambazo hazikuwa zimefunguka, ili macho yake yasionekane.

Wifi akatoka, akauachia mlango ujibamize nyuma yake.