Taa ya Majani ya Kigoma

Mimi Nikolaus nilikuwa bwana shamba wa tumbaku huko Sikonge mpaka nikastaafu, na habari ya mwanga na mche hakuna wa kunifundisha. Mche wa tumbaku ukikosa jua unarefuka, unapauka, unalala. Ukipata jua kali mapema unaungua. Unaufunika kwa nyasi, unazipunguza kidogo kidogo, mpaka siku ya kuuhamishia shambani. Kwa hiyo binti yangu Koleta aliponiachia tangi lake la samaki na kuanza kunipa maelekezo ya taa, nilimsikiliza kwa sikio moja.

Tangi lenyewe ni la kioo, la kukaa juu ya meza, na ndani mna visamaki ambavyo hata kwa kitoweo havifai. Kilichokuwa moyoni mwa Koleta si samaki, ni majani: marefu, membamba kama utepe, aliyoyatoa mwenyewe ziwani alipokuwa akifanya kazi Kigoma. Aliyaleta Tabora kwa treni ndani ya ndoo, kaipakata ndoo njia nzima. Mama yake, Theodora, alikuwa amefariki mwaka uleule. "Yatakuchangamsha, baba," aliniambia. Kisha yeye na mumewe wakahamia Mtwara, na safari ya Mtwara hubebi kioo.

Basi akawa ananipigia simu ya video kila jioni. Shikamoo baba, marahaba mama, na hapohapo: "Nionyeshe majani." Naelekeza simu kwenye tangi, anatazama, anauliza, ananigombeza. Akiniuliza kama nimekula, nasema nimekula, tunarudi kwenye majani. Sikulalamika. Nyumba yangu hapa Ipuli ina vyumba vinne na anayekohoa ndani yake ni mimi peke yangu. Simu ile nilikuwa naisubiri tangu chai ya asubuhi.

Majani yakaanza kupauka. Niliogopa, nasema kweli. Yakifa, Koleta atanipigia kwa ajili ya nini?

Nikayatibu kama tumbaku. Nililisogeza tangi dirishani lipate jua, na haukupita muda maji yakawa ya kijani kama mlenda, samaki huwaoni.

"Baba, dirishani tena!" Koleta akapiga kelele. "Jua hilo linaotesha mwani, si majani!"

Nikabadili maji, nikalirudisha tangi kwenye kona yake, nikaenda kwa Kondo anayeuza vifaa vya umeme karibu na soko. Kondo ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara, na hakuna siku aliyowahi kunisamehe.

"Mpagazi! Leo umekuja kubeba nini?"

"Nimekuja kukuonea huruma, naona hujauza tangu asubuhi. Nipe taa ya kuoteshea majani ndani ya maji."

Alicheka mpaka akaegemea kaunta. "Wanyamwezi mmekwisha. Ng'ombe wamewashinda, sasa mnafuga majani!"

Akanipa taa nyekundu ya vifaranga, akiapa kwamba inakuza kila kitu. Nilipoiwasha maji yalipata joto, samaki wakapanda juu wakitweta. Koleta alipouona ule wekundu kwenye simu alidhani nyumba inaungua.

Jioni ile alinieleza taratibu, nami nikasikiliza kwa masikio yote mawili. Tusitafute taa kali, alisema, tutafute inayofaa. Iwe nyeupe kama mwanga wa mchana, si ile ya njano ya chumbani. Kwenye boksi isomeke 6500, ndiyo namba ya weupe huo. Isitoe joto. Majani haya hayana makuu, mwanga wa kiasi unayatosha, na yanahitaji giza lao pia: masaa nane ya taa, kisha zima.

Kondo hakuwa nayo. Nilizunguka mji mzima, duka kwa duka, nimevaa miwani nasoma maboksi, wauzaji wakinitazama kama mkaguzi wa serikali. Nikaipata upande wa stesheni, nikaifunga juu ya tangi. Majani yakaanza kunyooka, lakini baadaye yakaota vinywele vya kijani kwenye ncha. Hapo Koleta hakuniambia kitu, niliona mwenyewe: taa ilikuwa karibu mno. Nikainyanyua kwa matofali, nikapunguza masaa kidogo, vinywele vikakoma. Nilipomweleza alicheka, akasema, "Hongera, bwana shamba." Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti cha kustaafu.

Majani yakatengemaa. Yakakoza rangi, yakatambaa chini ya mchanga na kutoa watoto, nao wakasimama mstari.

"Sasa nimepata amani, baba," Koleta akasema. "Sina wasiwasi tena."

Na kweli hakuwa nao. Simu ya kila jioni ikawa ya siku moja moja, kisha ya Jumapili, kisha Jumapili nayo ikapita kimya. Simlaumu, ana kazi, ana mume, na majani yalikuwa mazima. Lakini nilikuwa nakaa mbele ya tangi lile, zuri kuliko lilivyowahi kuwa, na nalichukia. Nilijiona mjinga niliyejitahidi mno.

Jioni moja uvumilivu ukanishinda, nikapiga mimi.

"Majani yanakufa," nikasema. "Yamepauka yote."

"Yote? Ngoja, nakupigia video."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mtu mzima na mvi zangu, nadanganya, na hata uongo wenyewe sijui kuupanga. Nikaelekeza simu kwenye tangi. Taa ile niliyoihangaikia ilionyesha kila jani, la kijani, limesimama wima.

Koleta akasogeza uso kwenye simu. "Baba, mbona yako vizuri?"

"Yako vizuri," nikakubali. "Ni mimi tu. Nimekukumbuka, mama."

Nilisikia akivuta pumzi. "Hebu geuza simu nikuone wewe."

Nikaigeuza.

"Sikuoni, kuna giza. Washa taa ya sebuleni."

"Iliungua."

"Lini?"

Ilibidi nifikiri. "Kwaresima."

"Baba! Wiki ijayo tunaanza Majilio, Krismasi hiyo inakuja!"

Nilikuwa nimepita maduka yote ya taa ya mji huu na kurudi na moja, ya majani. Kwamba mimi nami nakaa gizani, hilo wala halikunijia akilini.

"Sogea karibu na tangi," akasema.

Nikavuta kigoda, nikaweka uso karibu na kioo. Tangu ahamie Mtwara, miezi yote ile ya simu, hakuwa ameniona sawasawa hata mara moja. Alikuwa akiona majani.

"Baba," akasema. "Ndivyo ulivyokonda hivyo?"

"Ni taa hii," nikamwambia. "Inamkondesha kila mtu."

Hakucheka. "Leo umekula nini?" akauliza, na mimi niliyekuwa na jibu la kila swali la majani nikabaki nahangaika kutafuta jina la chakula.