Hodi Chini ya Barafu

Jana usiku niliota nimeajiriwa ubawabu. Mlango wenyewe ulikuwa wa jikoni kwa marehemu mama, Pangani, lakini nilipoinama kufunga komeo nikajikuta chini ya bahari, mahali ambapo barafu kubwa kama wilaya imekanyaga mwamba kwa unyayo mmoja.

"Shikamoo, Bi Barafu."

"Marahaba, Mwanamvua. Kazi yako ni moja. Mkondo wa joto akipiga hodi, usiitike. Hawezi kuingia bila kukaribishwa."

Kazi rahisi, nikajisemea. Nimewahi kufanya ngumu zaidi ukweni.

Mara maji yanajaa. Maji Kujaa hasalimii mtu. Anaingiza bega, anamwinua Bi Barafu kidole kimoja kutoka kwenye mwamba. Hufanya hivyo mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, huinua hata vidole viwili. Kwenye ule upenyo, sauti ya kistaarabu inasema:

"Hodi."

Nimelelewa vizuri, na hilo ndilo lililoniponza.

"Karibu!"

Mkondo akaingia, viatu mkononi. "Huko juu kuna baridi," alieleza, "na mimi chumvi yangu nzito, ndiyo maana hupita chini." Akaketi juu ya unyayo wa Bi Barafu. Unyayo ukaanza kuyeyuka.

"Umemkaribisha nani?" Bi Barafu aliuliza.

"Mgeni tu, bibi."

"Haya. Nikiteleza kwenye jiwe hili, nahamia kwenu, na bahari yenu inapanda. Kaburi la mama yako liko hatua ngapi kutoka majini?"

"Kumi na moja." Nilizihesabu siku ya arubaini yake. Hofu ikanishika, nikaanza kulia, nikamvuta Mkondo mkono nimtoe nje.

"Mgeni hafukuzwi," alisema kwa upole.

Nikafungua kanga ya mama niliyojifunga, nikaisokomeza kwenye upenyo. Mkondo akainama kusoma maandishi yake: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

"Asante sana," akasema, akawaita ndugu zake.

Nikaamka. Jua limeshatoka, shuka ni kavu. Lakini kanga ya mama, ambayo mimi hulala nayo, ina baridi ya kuuma vidole. Naikunjua dirishani. Maandishi yamefutika, yamebaki maneno mawili tu, MGENI NJOO.

Mlangoni mtu anapiga hodi, kistaarabu. Pengine ni jirani yangu Bi Mwajabu na vitumbua vyake.

Hodi ya pili. Nimeziba mdomo kwa mikono yote miwili, nangoja ya tatu ipite, aende zake.