Mwalimu wa Kundi la Kwanza

Katika bonde lile la Tirol, milimani magharibi mwa Austria, mtu akikwambia anajua sana kuteleza kwenye theluji, basi ujue hajui. Wanaojua hawasemi. Utamkuta bibi wa miaka sabini anayeteremka mlima hadi kofia inamvuka, ukimuuliza anateleza vipi atakujibu, "Aa, najikongoja tu," halafu atakuuliza habari za ng'ombe wako. Watu wa huko huvaa skii, zile mbao mbili ndefu za kutelezea, kabla hawajamaliza kuota meno, na kujisifia jambo hilo wanaona aibu, kama wewe utakavyoona aibu kujisifia kwamba unajua kutembea.

Gernot Wukovits hakulijua hilo, na ndipo balaa lilipoanzia. Yeye alizaliwa mwisho mwingine wa Austria, kule mashariki kwenye mashamba ya zabibu, ambako kitu kirefu kuliko vyote ni paa la kanisa. Alipokuja bondeni kuomba kazi ya kufundisha jiografia, Zenzi Plattner, mwalimu wa michezo, mama wa mikono mipana na uso uliochomwa na jua la mlimani, alimuuliza swali moja tu.

"Na skii je? Unateleza?"

"Kidogo tu," akajibu Gernot.

Hata hicho kidogo alikitia chumvi. Maisha yake yote alikuwa amevaa skii mara moja, utotoni, katika safari ya shule. Akaanguka kwenye foleni ya lifti ya kupandisha watu mlimani, kabla hata ya kuuona mlima wenyewe, akateguka mguu, akamaliza wiki nzima jikoni akimenya viazi na mpishi. Lakini Zenzi aliposikia "kidogo tu," aliwatazama walimu wenzake, na wote wakatikisa vichwa polepole kwa heshima. Wamepata kiboko.

Angekuwa peke yake, Gernot angelimaliza jambo hili kwa kucheka. Ila alikuwa na binti yake, Jelka, mtoto wa miaka kumi na tatu mwenye kidomo kirefu na moyo mwepesi wa kulia. Wazazi walipoachana, Jelka aliulizwa anataka kukaa na nani, akasema na baba. Akawaacha marafiki, akaacha shule, akaacha ziwa lake alilozoea kuogelea, akamfuata babake kwenye bonde la watu wasiowajua. Njiani, ndani ya gari, akaanza kulia. Gernot alibabaika, na mtu akibabaika husema lolote.

"Nyamaza mama, utafurahi kule. Mimi nimeteleza tangu utotoni. Theluji ikianguka nitakufundisha mwenyewe, utakuwa unawapita wote."

Jelka akanyamaza. Na tangu siku hiyo Gernot hakulala vizuri.

Theluji ikaanguka mwezi wa kumi na moja, tena ya kutosha. Gernot akawa na mgongo unaouma. Wiki iliyofuata akawa na mitihani ya kusahihisha, na iliyofuata tena mgongo ukarudi. Jelka akachoka kungoja, akajifunza na watoto wa jirani kila Jumamosi, akashika upesi kweli. Lakini imani kwa babake hakuipunguza hata chembe. Kinyume chake! Wenzake walipomuuliza babake anateleza vipi, yeye, ambaye tayari alikuwa ameshazijua tabia za bonde, aliinamisha macho na kusema, "Baba? Kidogo tu." Darasa zima likapiga mbinja.

Januari ikaingia, na kama kila mwaka, shule ikaanza kujiandaa kwa wiki ya mlimani, wiki nzima ya kuteleza. Pale hakuna mchezo. Kila alasiri wanafunzi walikaa mgongo ukutani, magoti yamekunjwa, bila kiti, mpaka mapaja yakatetemeka, huku Zenzi akipita mbele yao akila tufaha. Chumba cha useremala kilinuka nta, maana mbao zote zilipigwa pasi ya nta chini ili ziteleze vyema. Wenyewe huziita mbao, skii ni neno la watalii. Gernot naye alishika pasi akaunguza meza.

Siku moja Zenzi akamwita kando, akamkabidhi mbao ndefu nyekundu, ndefu kuliko Gernot mwenyewe.

"Za kaka yangu za mashindano," akasema. "Nimekupa kundi la kwanza. Hao watoto wanateleza kama mashetani, walimu wengine wote wanawakimbia. Sasa wamepata saizi yao."

Gernot akaona giza. Kujiaibisha ni jambo moja, lakini kuwapeleka watoto wa watu kwenye miteremko ambayo yeye mwenyewe hajui atashukaje, hapana.

"Zenzi, sikiliza. Nikwambie ukweli. Mimi siwezi. Nitawapoteza hao watoto."

Zenzi akamtazama muda mrefu, macho yakamlegea kwa upendo.

"Unajua, bwana we," akasema, "hata kaka yangu alikuwa hivyo hivyo. Siku moja kabla ya kushinda ubingwa wa Tirol alisema hawezi." Akampiga kofi la mgongo, akaenda zake.

Jamani, umfanyeje mtu kama huyo? Kadiri Gernot alivyojishusha ndivyo walivyompandisha. Alipomwambia mwalimu wa hesabu kwamba anaogopa, habari zikaenea kwamba huyu ameshaona maporomoko makubwa ya theluji, ndiyo maana anauheshimu mlima.

Jumapili basi likapanda milima, limejaa wanafunzi, mikate ya soseji na kelele. Nyuma ya kiti cha Gernot alikaa Korbinian, mvulana wa kundi la kwanza mwaka uliopita, mdomo haufungwi.

"Mwalimu, kesho utatuonyesha ile ya kuruka jabali?"

"Korbinian, kula mkate wako."

"Amekataa kusema! Mmesikia? Ataruka!"

Jelka alikaa mbele upande wa pili. Akageuka, akamkonyeza babake kwa fahari hivi kwamba Gernot akampa Korbinian mkate wake wa soseji.

Sasa shule ile ina desturi yake. Asubuhi ya kwanza watoto wote hupanda juu ya mteremko mpana ulio karibu na nyumba ya kulala, kisha huteremka mmoja mmoja mbele ya macho ya wote, na Zenzi huwagawa makundi papo hapo kwa jinsi alivyomwona kila mtu. Hakuna kubembelezana. Na anayefungua mteremko siku zote ni mwalimu mgeni.

Gernot alifika juu kwa lifti, kwenye kiti kinachoning'inia wayani, na kushuka tu kwenye kiti hicho kulimtoa jasho. Kijana wa lifti alimdaka mkono, akamsindikiza mpaka penye usawa. Watoto wakadhani wanasalimiana.

Jua lilikuwa kali, theluji imelainishwa vizuri, watoto wamejipanga pembeni na kofia zao za rangi zote. Gernot akatazama chini. Nyumba ya kulala ilionekana ndogo, na bomba lake la moshi lilikuwa chini ya miguu yake. Zenzi akamsogelea, akaona uso ulivyompauka, akamnong'oneza kwa huruma.

"Mgongo?"

Gernot akatazama tena lile bomba la moshi.

"Kama ni mgongo, rudi na kiti, hakuna atakayesema neno. Kundi la kwanza nitalichukua mimi. Watu wote tunajua wewe ni nani."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Neno moja tu, "mgongo," na wiki ingepita akinywa chai barazani, watoto wakawa salama, Jelka akabaki na babake bingwa. Na mwaka ujao pia mgongo. Na mwaka wa baada ya huo. Gernot akageuza shingo, akamwona Jelka kwenye mstari, mtoto amesimama wima, miwani ya theluji juu ya paji la uso, anamngoja. Anamngoja tangu mwezi wa kumi na moja. Gernot akaona uchungu mkubwa, akaona hawezi kumfanya mtoto huyu angoje mgongo maisha yake yote.

"Mgongo wangu mzima kabisa," akasema, kwa sauti ya darasani ili wote wasikie. "Sijui kuteleza. Sijawahi kujua. Niliteleza siku moja nikiwa mtoto, nikaanguka kwenye foleni."

Lo, kicheko! Watoto walishikana mabega. Korbinian alipiga fimbo zake pamoja akipiga kelele, "Kwenye foleni! Mwalimu, wewe kiboko!" Zenzi mwenyewe alikuwa akipangusa machozi.

Jelka peke yake hakucheka. Yeye alikuwa amekaa na sauti ile miaka kumi na tatu.

"Baba," akasema. "Kweli?"

"Kweli, mwanangu."

Akataka kuongeza neno. Akapiga hatua moja kumwelekea, na mbao za kaka yake Zenzi, zilizopakwa nta bora kuliko zote bondeni, zikakataa kungoja. Zikaanza safari.

Mwanzoni ilikuwa polepole, na Gernot alidhani zitasimama. Hazikusimama. Akachuchumaa kwa woga, mikono mbele, na watoto wakashangilia kwa kuwa hivyo ndivyo wanavyochuchumaa wa mashindano.

"Tazama, hakati kona hata moja!"

"Moja kwa moja! Mama yangu!"

"Anapiga kelele! Kwa nini anapiga kelele?"

Alikuwa akiita watakatifu, mmoja baada ya mwingine, na alipoishiwa watakatifu akaanza kuita majina ya mito mikubwa ya Ulaya, maana mwalimu ni mwalimu. Katikati ya mteremko palikuwa na rundo la theluji lililosukumwa na mashine. Gernot aliingia humo mzima mzima. Mbao moja ikaendelea peke yake mpaka nyumba ya kulala, ikagonga mlango, na mpishi akatoka kuona mgeni ni nani.

Kule juu Korbinian akashusha fimbo zake. Watu wa bonde lile wanajua kuanguka kwa namna zote, na hii haikuwa ya mtu anayejua.

"Yesu na Maria," akasema Zenzi. "Hajui."

Kabla hajamaliza, Jelka alikuwa ameshaondoka. Alishuka kwa kona fupi safi, akasimama kwa kishindo kando ya rundo, theluji ikamrukia babake usoni. Akamtazama kwanza kama yu mzima. Yu mzima. Ndipo akakasirika.

"Umenidanganya!"

"Ndiyo."

"Nimewaambia shule nzima! Kila Jumamosi nakaa nafikiri, mgongo ukipona, mgongo ukipona. Nimekupaka dawa ya mgongo, Baba! Kwa mikono yangu!"

"Najua. Nisamehe."

"Kwa nini?"

Gernot alijaribu kukaa vizuri, rundo likamzamisha zaidi. Akaacha.

"Kwa sababu uliacha kila kitu ukanifuata mimi. Nikaogopa utajuta. Nikaona angalau uwe na baba anayejua."

Jelka akafuta pua kwa glavu. Machozi yalikuwa yanamtoka na yeye alikuwa anayaonea hasira.

"Mimi nilikufuata wewe, sikufuata skii," akasema. "Wewe unajua mawe, unajua nyota, unajua kupika, unajua kila kitu mpaka inaudhi. Kila kitu unanifundisha wewe. Hiki kimoja ungeniachia, nikufundishe mimi!"

Gernot akaacha kupangusa theluji usoni. Hilo halikuwahi kumpitia akilini hata siku moja.

Jelka akageuka, akaelekeza uso juu mlimani walikojipanga wenzake wote, akaweka mikono mdomoni.

"Jamaniii! Baba yangu hajui! Hajui kabisaaa!"

Bondeni kule hajawahi kusikika mtu akitangaza hivyo, na kwa furaha namna ile. Kisha Korbinian akavua kofia, akaipunga, akapiga kelele, "Karibu, Mwalimu!" na mlima wote ukapokea. Zenzi akaweka mikono kiunoni.

"Kundi la mwisho!" akanguruma. "Na Jelka kundi la pili! Lakini kwanza mteremshe huyo!"

Mpishi alikuwa ameshapanda na ile mbao iliyopotea. Jelka akamfungia babake mbao, akamwinua, akasimama mbele yake, amegeuka, mgongo wake bondeni, uso kwa uso.

"Ncha za mbele zikaribiane, visigino mbali. Kama kipande cha pizza. Pizza, Baba, hiyo ni tambi, umezinyoosha! Haya. Nitazame mimi, usitazame chini."

"Nikianguka?"

"Utaanguka. Twende."

Wakashuka hivyo, Jelka akirudi kinyumenyume, ameshika ncha za fimbo za babake, Gernot akimkazia macho na ulimi umemtoka pembeni. Alianguka karibu na mti, akaanguka tena pasipo na kitu chochote. Mtoto alimwinua kila mara, akimgombeza kwa maneno yale yale ambayo babake humgombezea kwenye hesabu.

Walipofika chini Gernot alikuwa ameloa mpaka shati la ndani, na alikuwa akicheka peke yake kama mwehu. Jelka akampangusa theluji mgongoni, kwa nguvu kupita ilivyohitajika, akatazama foleni ya lifti.

"Haya," akasema. "Tena."